Kikundi Kazi cha Nne na Sinia la Sambusa

Nikisikia harufu ya kalamu za ubao mweupe, mate hunijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika. Sitanii. Mwenzangu akivua tu kifuniko na kuandika "Ndoto Zetu" juu ya bangokitita, mimi huanza kutafuta dirisha. Maradhi haya sikuja nayo kutoka Tanga. Nimeyaokota hapa hapa Johannesburg, katika chumba cha mikutano pale Doornfontein, mwaka ambao chuo chetu kiliamua kwamba hakiwezi kuishi bila mpango mkakati mpya.

Mpango wa zamani ulikuwa haujamaliza muda wake. Lakini mkuu wa chuo alikuwa mgeni, na mkuu mgeni anataka mpango wake kama bwana harusi anavyotaka kanzu yake, hawezi kuvaa ya kuazima. Siku hizi mkuu haandiki mpango mwenyewe, maana akiuandika mwenyewe ukaharibika, lawama zitamwangukia. Anaunda vikundi kazi. Wafanyakazi wanagawanywa mafungu, kila fungu linapewa jambo la kutafakari, mwenyekiti, mwezeshaji wa kukodiwa, na sahani ya biskuti. Fungu linatafakari, linaandika mapendekezo, mapendekezo yanapanda ngazi, na huko juu yanachambuliwa mpaka yabaki yale ambayo wakubwa waliyataka kabla ya biskuti kununuliwa. Kisha mnaambiwa kwa sauti ya upole: ninyi wenyewe ndio mliosema.

Mimi nafundisha takwimu. Niliwekwa Kikundi Kazi cha Nne, ambacho kilipewa jina la "Chuo na Afrika Yake", na sababu ilikuwa moja tu: mimi ni Mwafrika wa kutoka kwingine. Mwenyekiti wetu, profesa wa mambo ya biashara mwenye tabasamu lisilojua kupumzika, aliniambia bila haya tuliposhikana mikono. "Wewe utatuletea bara," akasema. Nikaangalia mkoba wangu, nione kama bara limo.

Ningekataa. Nilikubali kwa ajili ya darasa la Kiswahili.

Chuo chetu kilikuwa na darasa moja la Kiswahili, la jioni, katika chumba cha chini kilichopakana na stoo ya viti vibovu. Lilikuwa darasa la mtu mmoja. Aliyelianzisha ni mama mmoja wa Bukavu, aliyesomea isimu Lubumbashi na kufundisha sekondari huko kwao kabla vita havijamtoa. Alipofika Johannesburg alisuka nywele mtaani Yeoville kwenye saluni ya dada yake, mpaka siku alipoingia chuoni na vyeti vyake ndani ya mfuko wa nailoni na kuwaambia kwamba mji huu umejaa watu wanaosema Kiswahili lakini hauna mahali pa kukisoma. Walimpa mkataba wa mwaka mmoja. Ukiisha wanampa mwingine wa mwaka mmoja. Alikuwa ameishi hivyo kwa miaka, kila Desemba hajui kama Februari ataingia darasani au atarudi kwenye vichana.

Kikundi Kazi cha Nne ndicho kilichopewa kuamua. Ama darasa liingie ndani ya mpango mkakati kama somo kamili, lenye mwalimu wa kudumu, au litafutiwe "njia nyingine". Hayo yalikuwa mezani wazi tangu mkutano wa kwanza, na yeye aliyajua. "Kaka," aliniambia tukiwa kwenye korido, "ukae mule ndani. Hata bakikuchokesha, ukae."

Darasani mama huyu alisema Kiswahili sanifu kilichonyooka kama rula. Akivuka mlango tu, ulimi unalegea, Bukavu inarudi. Kiswahili changu kilimchekesha sana. "Ninyi batu ba Tanga hamusemake, munaimbaka tu," alikuwa akinitania, na mimi namjibu kwamba bora kuimba kuliko kuhesabu watu kwa "ba" kama kondoo. Tulikuwa tunaitana dada na kaka.

Alikuwa na desturi moja ambayo wanafunzi wake wote waliiheshimu. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa ubao wake kabla yeye mwenyewe hajatangaza kwamba somo limekwisha. Mwalimu wa darasa lililofuata angesimama mlangoni akikohoa, na yeye anaendelea. Akimaliza anageuka, anasema "somo limekwisha", anachukua kifutio na kufuta polepole kuanzia juu, huku bado mnanakili. Aliniambia kwamba mwalimu anayemwachia mtu mwingine kufuta ubao wake hajui alichofundisha. Nilimcheka. Sasa simcheki.

Wanafunzi wake walikuwa wa kila namna, lakini wengi walikuwa watoto wa wahamiaji, wazaliwa wa Yeoville na Berea, waliokua wanasikia Kiswahili jikoni na kukijibu kwa Kiingereza au Kizulu. Wanaelewa kila neno, kusema hawawezi. Kati yao alikuwapo binti mmoja anayesomea uuguzi. Wazazi wake walitoka Uvira, na bibi yake bado yuko huko. Maisha yake yote bibi alikuwa akipigiwa simu, binti anasikiliza, halafu mama mtu ndiye anayemjibia. Binti alijiandikisha darasani kwa sababu hiyo tu. Alitaka kujibu mwenyewe.

Sasa niwaeleze hicho kikundi kazi, ingawa kinyaa kinanipanda hata kukieleza.

Mwezeshaji wetu alikuwa kijana mwenye raba nyeupe zisizo na hata doa la vumbi, jambo ambalo katika Johannesburg ya Agosti lilinitia shaka tangu mwanzo. Alitutandikia masharti. Sharti la kwanza na kubwa: katika chumba hiki hakuna neno "hapana". Mwenzako akitoa wazo, hata likiwa la kipuuzi kiasi gani, wewe unaanza na "ndiyo, na". Ndiyo, na tunaweza pia kufanya hivi. Ndiyo, na hebu tuongeze hivi. Alisema "hapana" inaua ubunifu. Watu wazima, wengine wana wajukuu, wakaitikia kwa vichwa na kuandika kwenye madaftari yao.

Ukutani alibandika karatasi kubwa iliyochorwa gari. Juu yake aliandika "Maegesho". Jambo likileta ubishi, likiwa zito, au likiwa la kweli, linaandikwa kwenye kikaratasi cha rangi chenye gundi na kupelekwa kwenye gari. "Tunaliegesha kwanza," anasema, na mkono wake unakwenda ukutani kwa wororo kama mtu anayemlaza mtoto. Mara ya kwanza nilidhani tutarudi kuyachukua. Sijawahi kuona hata gari moja likitoka pale. Mtu alisema mishahara ya walimu wa muda ni aibu, ikaegeshwa. Mwingine akasema wanafunzi wa kigeni wanasumbuliwa kuhusu vibali, nayo ikaegeshwa. Tulibaki kujadili kama neno "bara" liandikwe kwa herufi kubwa.

Na walivyokuwa wakila! Mwenyekiti alitafuna biskuti huku anaitikia "ndiyo, na", unga unamrukia kwenye tai, anaupangusa juu ya karatasi za mwenzake. Nikikumbuka mikutano ile sikumbuki hoja. Nakumbuka midomo.

Mkutano wa tatu au wa nne hivi, mtu mmoja akasema haifai kuamua habari za darasa la Kiswahili bila kuliona. Mara moja katika maisha yake kikundi kile kilisema neno la maana. Ikakubaliwa kwamba tutakwenda kulitembelea, tukae, tuone mwalimu anavyofundisha, tuandike tulichokiona. Nilitoka mkutanoni nimepata nguvu. Nilijua anavyofundisha. Nikajisemea, wamwone tu.

Nilimfuata dada yangu huyo nikampa habari. Uso wake ukafunguka kama mlango.

"Banakuja bangapi?"

"Dada, usinambie unataka kupika."

"Juu ya nini nisipike?"

"Kwa sababu hawa si wageni. Hawa ni wakaguzi."

"Mukaguzi hana tumbo?"

Nilimwomba. Nilimwambia kwamba nawajua watu hawa, nimekaa nao, wakiona chakula hawataona kitu kingine. Wafundishe, wape maji ya kunywa, waende zao. Akaniangalia kama vile nimemtukania mzazi. "Mugeni akuje kwangu mara ya kwanza, arudi na njaa? Hapana, kaka. Unataka bakasemaje juu ya mama yangu?" Nikaacha kubisha, maana na mimi nimelelewa hivyo hivyo. Mgeni njoo mwenyeji apone. Huko kwetu ukitembelewa na mtu mwenye mamlaka juu yako, ndiyo kabisa unachinja. Chakula si hongo, ni heshima, na asiyeijua heshima hiyo unamhurumia. Hatukujua, wala yeye wala mimi, kwamba katika mji huu kuna watu ukiwapikia wanakuandika kuwa mpishi.

Siku ilipofika, walikuja wote, jambo ambalo halikuwahi kutokea hata kwa mkutano wa kawaida. Walikaa nyuma kwenye viti vya stoo. Pembeni, juu ya meza iliyofunikwa kitenge, masinia yalikuwa tayari, na harufu ya bizari na kitunguu ilikuwa imeshatangulia mpaka kwenye ngazi. Niliona pua zikigeuka kabla ya macho. Nikasema moyoni, tumekwisha.

Lakini alifundisha. Wallahi alifundisha. Alichora mti ubaoni kwa chaki za rangi, shina lake ni "sem", na matawi yakaanza kutoka: sema, semea, semwa, semesha, semezana. Kila tawi alilitundikia sentensi kutoka kinywani mwa mwanafunzi mwenyewe, hakutoa hata moja kitabuni. Aliyekosea hakuambiwa amekosea, aliulizwa swali jingine mpaka akajirudi. Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kulipanda somo likaota mbele ya macho ya watu namna ile. Darasa lilisahau kwamba kuna watu nyuma.

Mwishoni akamwita binti wa uuguzi asimulie. Binti akasimama, mikono nyuma, akasema kwa Kiswahili, polepole, bila kuchomeka neno hata moja la kigeni: "Jumapili nilimpigia bibi. Nilimwambia, bibi, ni mimi. Akauliza, wewe nani? Nikamtajia jina langu. Akasema, huyo mjukuu wangu hasemi. Nikamwambia, bibi, sasa nasema. Akalia. Na mimi nikalia. Kisha akaniuliza kama nimekula."

Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, nayakausha macho kwa kidole. Nyuma walikuwa wanapiga makofi. Katika kikundi kizima hakuna aliyejua Kiswahili ila mimi. Nikamwinamia mwenyekiti nikamwambia ngoja nikutafsirie alichosema. Akanigusa bega, macho yake yako kwenye meza ya kitenge. "Hakuna haja," akasema. "Tumeuhisi."

Tumeuhisi! Sijui kama nimewahi kuchukia neno kama nilivyolichukia lile.

Basi wakala. Sambusa zilikuwa za nyama, za dengu, na za samaki, na palikuwa na pondu, kisamvu cha kwao, na wali kando. Walianza kwa vidole viwili kwa adabu, wakaishia mikono miwili. Mwenyekiti mafuta yalimteremka mpaka kwenye saa yake, akairamba saa. Mwezeshaji, yule wa raba nyeupe, alikula huku anasema "eish, eish", akauliza kama kuna za kubeba. Zilikuwepo. Zilifungwa kwenye karatasi, kila mtu na fungu lake. Mtu wa habari wa chuo alikuja na kamera yake na kumwomba mwalimu asimame mbele ya ubao na sinia mkononi, atabasamu. Akasimama. Mti wake wote ulikuwa nyuma yake, na matawi yake ya rangi. Nilimwona anageuka kidogo kuhakikisha kwamba haufunikwi na bega lake.

Hakuna aliyemuuliza swali hata moja kuhusu somo. Mmoja alimuuliza kuhusu pilipili.

Rasimu ya ripoti ilikuja baada ya wiki chache. Niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa, nikidhani labda kusimama ndiko kulikoniharibia. Ilisema kikundi "kiliguswa na ukarimu" kilioukuta, na kwamba darasa la Kiswahili ni "shughuli changamfu ya kitamaduni yenye ladha halisi ya bara". Kwa hiyo kilipendekeza kwamba lisibanwe ndani ya mfumo wa masomo, bali lihamishiwe kwenye kalenda ya matukio ya jamii, ambako litafurahiwa na watu wengi zaidi. Kama hujazoea lugha hii nitakufasiria. Somo lina mwalimu, chumba na mtihani. Tukio lina turubai na meza ya chakula. Walikuwa wamelifunga darasa na kuliita sherehe.

Kwenye mkutano wa kupitisha rasimu nilisema, "Hapana."

Vichwa vikanigeukia kama mtu amejamba. Mwezeshaji akatabasamu. "Hebu tujaribu tena," akasema, "kwa ile lugha yetu."

"Ndiyo," nikasema, na damu inanipanda, "na darasa hilo lina mwalimu, na mwalimu huyo alifundisha saa nzima mbele ya macho yenu, na katika ripoti hii hakuna hata mstari mmoja kuhusu alichofundisha. Sambusa zimo. Somo halimo. Kama alifundisha vibaya andikeni kwamba alifundisha vibaya."

Mwenyekiti akacheka, cheko la mtu mwema. "Lakini sambusa zile!" akasema, akashika tumbo. Na wote wakacheka, hata wale niliokuwa nawahesabu kuwa watu wa heri. Mwezeshaji alichukua kikaratasi cha njano, akaandika "Suala la mwalimu", akaondoka nacho kwenda ukutani. Akakibandika kwenye tairi la nyuma la gari.

Nilikusanya vitu vyangu nikatoka. Sikubamiza mlango, ni ile milango inayojifunga yenyewe taratibu, hata hasira haiwezi kuitumia. Nilimwandikia mwenyekiti kwamba nimejitoa na kwamba silikubali pendekezo lile. Ripoti ya mwisho ilipotoka jina langu lilikuwamo, mjumbe kamili, na juu yake imeandikwa kuwa wajumbe wote waliafikiana. Nikalalamika ofisini. Nikajibiwa kwa adabu sana kwamba jina langu linaonyesha upana wa kikundi, na itakuwa hasara kulipoteza. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Ilibidi mimi ndiye nimwambie. Nilimkuta darasani, wanafunzi wameshaondoka, kifutio mkononi, amefika nusu ya ubao. Nilimweleza yote. Alinisikiliza bila kugeuka.

"Na juu ya somo," akauliza, "bamesema nini?"

"Hawakusema kitu, dada."

"Hata kama ilikuwa mubaya? Hata ile habakusema?"

"Hata hiyo."

Akamaliza kufuta, akaweka chaki zake za rangi ndani ya kopo la maziwa ya unga alilokuwa akilitunzia, akalifunga kwa kifuniko. Nilitaka alie, au anitukane, au aniambie kwamba nilimwonya na hakusikia, nipate la kubisha. Hakufanya hata moja. Aliniuliza kama nitapita kwa robot ya Bertrams, zile taa za barabarani, nimsogeze.

Mwaka ulipoisha mkataba haukurudi. Chumba cha chini kilipakwa rangi, stoo ikabomolewa, pakawekwa mito mikubwa ya kukalia na jina jipya, kitovu cha ubunifu. Napita pale kila siku na sijaona mtu amekalia mto. Yeye akarudi Yeoville saluni kwa dada yake. Kwa muda alijaribu kufundisha huko huko, Jumapili mchana, binti wa uuguzi na wengine wachache wamebanana kwenye benchi la wateja. Lakini mashine za kukaushia nywele zinanguruma, wateja wanataka benchi lao, na binti akaanza zamu za hospitali. Mara wakawa watatu, mara ikawa hakuna mtu. Nilimuuliza binti siku moja kama bado anampigia bibi. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba anampigia, ila maneno yameanza kumponyoka. Alijisikia vibaya alipogundua ananijibu kwa Kiingereza. Nikamwambia haidhuru, na moyoni naona inadhuru sana.

Halafu ukaja uzinduzi. Wiki moja kabla, simu yangu ya ofisini ikalia, sauti changamfu kutoka ofisi ya mkuu. Walikuwa wanatafuta namba ya simu ya "yule mama wa sambusa". Mpango mkakati utazinduliwa, wangependa pawe na ladha ya bara, kila aliyekuwa Kikundi cha Nne bado anazizungumzia. Niliuliza kama wanakumbuka kwamba yule mama alikuwa mwalimu wao. Sauti ikasita. "Oh," ikasema, "basi itakuwa rahisi zaidi, atakuwa yuko kwenye mfumo wetu wa malipo."

Nilimpigia mwenyewe, kwa sababu si haki yangu kumkatalia mtu kazi. Nikamweleza. Akaanza kucheka, cheko refu juu ya kelele za mashine za saluni, nikawasikia na wenzake wakiuliza kuna nini.

"Kaka," akasema alipopata pumzi, "ubaulize kama bameshaunda kikundi kazi ya kukaanga."

"Nitawaambia hivyo hivyo."

"Ubaambie." Kisha cheko likakatika. "Ubaambie mwalimu hayuko."

Kwenye uzinduzi nilikwenda, sijui kwa nini, labda mtu mwenye kidonda hukitonesha mwenyewe. Palikuwa na ngoma za kukodi. Mkuu wa chuo alisema chuo hiki ni nyumba ya bara zima, akawashukuru wajumbe wa vikundi kazi kwa sababu mpango huu umetoka kwao wenyewe. Sambusa zilikuwepo, za dukani, baridi, ganda kama kadibodi. Mwenyekiti aliuma moja akaniangalia kwa huzuni ya kweli. "Hizi si kama zile," akasema. Nilimwacha amesimama nayo.

Mlangoni tuligawiwa kitabu cha mpango, karatasi nzito inayong'aa. Nilikifungua ndani ya teksi, nimebanwa dirishani tunapanda Yeoville. Sura ya nne, "Chuo na Afrika Yake", ilikuwa na picha ya ukurasa mzima. Alikuwa yeye. Sinia mkononi, anatabasamu. Nyuma yake, penye ubao, palikuwa na rangi ya machungwa tupu, laini, kutoka ukingo hadi ukingo. Mti haukuwepo. Sem haikuwepo, wala tawi lake hata moja. Bega lake lilikuwa bado limegeuka kidogo, vile alivyolisogeza ili lisiufunike.

Nilikiingiza kitabu ndani kabisa ya mkoba. Nilikuwa nimekata shauri kumsalimu tu, ninywe chai yake, niondoke. Lakini nilipoingia saluni alikuwa anasuka, na pembeni yake, juu ya meza ya vichana na mafuta, kitabu kile kile kimelala wazi kwenye ukurasa ule. Binti wa uuguzi alikuwa amemletea, wanafunzi waligawiwa tangu asubuhi. Hakuacha kusuka. Vidole viliendelea, msuko hadi msuko, na kidevu akakielekeza kwenye picha.

"Kaka. Ubao yangu iko wapi?"

"Wameufuta, dada."

Akasuka mpaka mwisho wa msuko, akafunga ncha yake kwa uzi, akaukata kwa meno. Mteja akajaribu kugeuka aone tunaongea habari gani, akamrudisha kichwa kwa mkono, taratibu.

"Ubao mwalimu ndiye anafutaka," akasema. "Somo ikiisha."